Muhogo wa Pipa Moja

Kahonzi alipenda kuona pipa lake limejaa. Kila asubuhi, kabla ya kuinjika chai, alifunua kifuniko na kuchungulia muhogo uliolowekwa. Aliopoa ndoo moja, akaenda kuuanika. Jioni, mumewe Chengo alirudi na muhogo mwingine kutoka shambani, wakaumenya, wakautia kwenye pipa lile lile. Ulitoka huu, ukaingia ule.

"Pipa letu halijui kulala," Chengo alipenda kujigamba.

Muhogo ukishakauka ukawa makopa, Kahonzi aliupeleka kwenye mashine ya kusaga. Unga aliumimina ndani ya gunia moja kubwa, juu ya ule uliobaki. Watu wa kijiji chao cha Kakuyuni waliupenda unga huo. Wateja waliongezeka mpaka muhogo wa shamba lao ukawa hautoshi.

Hapo ndipo jamaa walipoanza kuleta wao. Na jamaa hawana saa. Huyu alikuja asubuhi, yule magharibi. Siku moja shangazi yake Chengo aliwasili na kiroba, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, shangazi," Kahonzi alimwamkia.

"Marahaba. Nimewaletea muhogo. Huu ni ule mchungu, nguruwe hawaugusi."

Kahonzi alitazama pipa. Lilikuwa limejaa karibu na mdomo. Lakini utamwambiaje shangazi wa mume arudi na mzigo wake? Ungesikia maneno mpaka mwaka mpya. Akaumenya, akausukumiza juu ya ule wa zamani. Asubuhi yake akaopoa ndoo yake kama kawaida. Vipande vingine vilikuwa laini, vingine vigumu kama vilivyotoka shambani. Alijiambia kwamba vyote vitasagwa, basi yote ni mamoja.

Muhogo ule ulipokauka na kusagwa, Nelly, mdogo wake Kahonzi, alikuja kutoka mtaa wa Shella mjini Malindi, akachota unga wake kwenye gunia, akarudi.

Siku iliyofuata Chengo alitoka shambani asubuhi na njaa. Kahonzi alimsongea sima, akaenda kisimani. Aliporudi alimkuta mumewe amekaa chini, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Baba, una nini?"

"Kichwa. Na tumbo. Naona nyumba inazunguka."

Kabla hajamaliza, akatapika. Kahonzi alipiga ukelele. Jirani yao Mumbua alitoka mbio. Mumbua alikuwa mtu wa Machakos aliyehamia pwani. Alikuwa amesimamia kazi katika kiwanda cha vyakula kwa miaka mingi, na sasa alikuwa na duka lake hapo jirani.

"Usimpe kitu chochote," Mumbua alisema. "Tafuta bodaboda. Haraka!"

Kwenye zahanati, muuguzi Randu alimtundikia Chengo maji. Kisha akamgeukia Kahonzi.

"Amekula nini?"

"Sima ya muhogo."

"Muhogo mtamu au mchungu?"

"Umechanganyika."

"Ule mchungu una sumu, mama. Usipolowekwa ukalainika sawasawa, sumu hubaki mpaka kwenye unga. Watoto ndio huumia zaidi."

Watoto. Nelly alikuwa na watoto watatu, na unga uko jikoni kwake.

Alimpigia simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Mteja hapatikani.

"Nieleze," Mumbua alimwambia, akimshika bega. "Unga wenye muhogo wa shangazi ni upi?"

"Sijui."

"Uliingia kwenye maji siku gani? Ulitoka siku gani?"

"Sijui, Mumbua! Uko pipa moja na mwingine. Unga wenyewe uko gunia moja."

"Basi hatuwezi kuchagua. Unga wote ni wa kutupwa. Mimi nitabaki na Chengo, nitume watu kwa wateja wa hapa. Wewe nenda kwa mdogo wako."

Bodaboda iliondoka na vumbi lake. Njia nzima Kahonzi alimwomba Mungu. Aliomba Nelly awe amekosa kuni. Aliomba awe amepika wali. Jua lilikuwa utosini, saa ambayo kila nyumba inapakua. Aliwaona wale watoto mmoja mmoja akilini, na kila alipomfikia mdogo, Kazungu, alifumba macho.

"Kaza, kijana wangu," alimwambia dereva. "Kaza!"

Alipofika Shella kwa Nelly, hakupiga hodi. Aliingia mpaka uani. Watoto walikuwa wamezunguka sinia. Sima ilikuwa katikati, inafuka moshi, na mchuzi wa samaki pembeni.

"Msile!"

Alilivuta sinia, mchuzi ukamwagika. Wakubwa wawili walibaki na mikono hewani. Kazungu alikuwa tayari ana tonge mdomoni. Kahonzi alimshika taya, akaingiza kidole, akalitoa lile tonge. Mtoto akaangua kilio.

"Dada, una wazimu?" Nelly alipaza sauti.

"Umemeza? Kazungu, umemeza?"

Mtoto alilia tu. Hawakujua kama lile lilikuwa tonge la kwanza au la pili. Walimkimbiza hospitali. Mchana wote walikaa kwenye benchi, wakimtazama anavyopumua. Akipiga miayo, Kahonzi alishtuka. Akijikuna kichwa, Nelly alimwita daktari. Jua lilipoanza kuteremka, daktari aliwaambia mtoto ni mzima.

Nelly alimkumbatia mwanawe. Kisha akasema, bila kumtazama dada yake, "Unga wako sitaki kuuona tena nyumbani kwangu."

Kahonzi alilia njia nzima ya kurudi Kakuyuni.

Chengo alipona, akarudishwa nyumbani. Unga wote ulifukiwa shimoni, pamoja na muhogo uliokuwa pipani. Wateja wawili walikuwa wametapika, lakini Mungu saidia, hakuna aliyefariki. Kahonzi alitaka kuliuza pipa aache kazi hiyo.

"Usiache," Mumbua alimwambia. "Kazi yenu si mbaya. Mpangilio ndio mbaya."

"Mpangilio gani?" Chengo aliuliza.

"Kuna namna nyingi za kuzalisha vitu. Fundi cherehani akishona gauni la bi harusi, hushona moja, kwa kipimo cha mtu mmoja. Hiyo ni namna moja. Kiwanda cha soda nacho hupitisha chupa nyuma ya chupa, zote sawa, na kila mfanyakazi ana kazi yake moja. Hiyo ni namna nyingine. Kisha kuna kiwanda cha saruji. Pale mawe yanaingia upande huu, upande ule inatoka saruji, na tanuri halizimwi usiku wala mchana."

"Kama pipa letu," Chengo alisema.

"Ndiyo, na hapo ndipo mlipokosea. Hebu niambie, mwokaji mikate hufanyaje?"

Kahonzi alifikiri. "Hujaza tanuri. Husubiri mikate iive. Huitoa yote, ndipo atie mingine."

"Anaweza kuchomeka mkate mbichi katikati?"

"Hawezi. Atatoa mingine imeiva na mingine mibichi."

"Muhogo ni kazi ya mafungu, kama mikate. Fungu likishaingia majini, usiongeze hata kipande. Lilainike lote, litoke lote, likauke peke yake, lisagwe peke yake. Likiharibika, utajua ni lipi, na mengine yatasalimika."

"Na jamaa wakileta jioni?" Kahonzi aliuliza.

"Wasubiri pipa tupu."

"Shangazi atanuna!"

"Bora anune yeye," alisema Chengo. "Mimi nimeona kaburi kwa macho yangu."

Wakatafuta mapipa mengine mawili. Kila fungu lilikaa majini siku tatu au nne, mpaka kila kipande kivunjike kikibanwa kwa vidole. Kimoja kikiwa kigumu, fungu lote lilisubiri. Muhogo mchungu ulikuwa na pipa lake, ule mtamu uitwao kibandameno nao lake. Kila fungu lilikuwa na turubai lake na mfuko wake wenye alama. Shangazi alinuna kweli. Baadaye akazoea, akawa anauliza kwanza kama kuna pipa tupu.

Wateja walirudi kidogo kidogo. Nelly hakurudi.

Mvua zilinyesha, zikaisha. Siku moja Nelly aliingia uani kwa dada yake akiwa na watoto wote. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mifuko, akaweka mkono juu ya mmoja.

"Huu ni muhogo wa nani?"

"Wa shamba letu. Kibandameno."

"Uliingia majini lini?"

"Jumatatu. Ukatoka Ijumaa, wote. Niliukagua mwenyewe."

"Umeongezewa mwingine?"

"Haukuongezewa."

Nelly alivuta kigoda, akakaa.

"Basi tupikie."

Kahonzi alisonga sima. Alimega tonge la kwanza akala yeye, Chengo akala, wakakaa kidogo. Ndipo akasogeza sinia kwa watoto. Kazungu alimega, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna. Akameza. Kahonzi alimwangalia koo, na machozi yakamjaa.

Walipomaliza, mtoto alilisukuma sinia tupu mbele.

"Mama mkubwa, niongezee."