Folda Isiyo na Mwenyewe

Fundi alishazoea takataka za kompyuta. Ukiisasisha mashine, mfumo mpya unaingia na ule wa zamani unasukumwa kwenye folda yake pembeni, mzigo mtupu, unakula nafasi mpaka mashine inashindwa hata kuchapa. Kuifuta folda hiyo ni kazi ya kusubiri chai ipoe. Kwa hiyo mama mwenye duka la dawa alipomletea kompyuta yake akasema, "Nafuta, kesho naikuta," fundi alicheka.

"Unaifuta au unaipapasa, mama?"

Mama hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba tangu folda ile ibaki, kila akifungua stoo anakuta kiti kina joto, kama mtu ameinuka sasa hivi, na chumba kizima kinanuka nywele mbichi. "Nitolee tu, mwanangu. Mengine usiniulize."

Haya, kila mtu na yake. Fundi alichomoa diski akaiunganisha na laptopu yake. Laptopu hiyo aliisajili kwa jina la Kasuku, ndivyo alivyomwita binti yake, maana mtoto yule huanza kuongea kabla hajafumbua macho asubuhi, na hanyamazi mpaka usingizi umpokonye neno mdomoni. Mama yake alishatangulia mbele ya haki. Walibaki wawili tu, na maneno ya Kasuku ndiyo yaliyoifanya nyumba iwe nyumba.

Akabofya kufuta. Kioo kikaandika: *Huna ruhusa. Muombe mwenyewe.*

"Mwenyewe nani tena?" Akatazama panapoandikwa mmiliki. Patupu. Hapo alishangaa, kwani hata takataka ina mwenyewe. Feni ya mashine ikavuma polepole, ikatulia, ikavuma tena, kama mtu anayepumua akisubiri jibu. Jua lilikuwa la utosi, nje mshona viatu anagonga soli zake, na bado vinyweleo vilimsimama.

Lakini ufundi hauna woga. Kitu kikikosa mwenyewe, unajiandikisha wewe, kisha unakifuta. Akafanya hivyo. Folda ikafutika kabisa, hata kwenye pipa la taka haikupita, na feni ikanyamaza.

Kesho yake mchana mama wa dukani akapiga simu.

"Kiti kimepoa," alisema, akanong'ona. "Ulimwandika nani?"

"Vipi?"

"Nisamehe, mwanangu. Mganga aliniambia mle kwenye folda mna jini, na hatoki mpaka apate mwenyewe. Niliogopa kuandika jina langu."

Fundi alifumbua mdomo amtukane. Wakati huo Kasuku alitoka shule, akapita mbele yake na begi mgongoni, akaingia chumba cha nyuma ya karakana, anakofanyia kazi zake za shule siku zote. Hakusalimu.

Fundi akaifungua laptopu, akatafuta folda ile ili afute jina aliloandika, akatafuta kwenye diski, akatafuta kwenye pipa la taka alilojua kabisa kuwa ni tupu, akaendelea kutafuta huku akili ikimwambia kitu anachokijua kila fundi, kwamba huwezi kumvua mtu umiliki wa kitu ambacho hakipo tena, na kwamba juu ya kioo, pale jina la mtumiaji linapokaa siku zote, jina lililoandikwa si lake yeye, ni la mtoto.

"Mama," alisema kwenye simu, "niliandika..." Hakumaliza. Harufu ilishafika. Nywele mbichi.

Ndipo alipogundua kwamba chumba cha nyuma kiko kimya.

Akaenda mpaka mlangoni, akasukuma. Mlango ulikuwa umezuiwa kwa ndani.

"Kasuku, mwanangu, nifungulie. Ni baba."

Kitu kikaanza kuvuma polepole, kikatulia, kikavuma tena. Mle ndani hapakuwa na feni.

"Huna ruhusa," ikasema sauti ya binti yake, taratibu, kama anayejifunza kuitumia. "Muombe mwenyewe."