Ukuta Wangu Ulikuwa Ukimwamkia Jirani

Jana asubuhi nilikuwa namwagilia maua yangu kama kawaida, ndoo mkononi, kandambili miguuni, nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa...

Nikainua macho. Ukuta haupo.

Yaani ule ukuta wenye maua ya zambarau, ambao wengi wenu mliupenda kwenye picha zangu. Ulikuwa umelala wote upande wa pili, kwa jirani. Vumbi ndilo lilisimama mahali pake.

Na huko upande wa pili, saa kama hiyo, mama jirani huwa anaanika nguo.

Nikaita.

Nikaita tena...

Ngojeni niwaambie kitu kabla hamjanihurumia.

Nyumba hii aliniachia marehemu mama, na ukuta wake. Mimi ni mtu wa aibu. Jirani naye ni mtu wa adabu, hana neno la moja kwa moja. Mazungumzo yetu yote yalipita juu ya ukuta ule, na tangu mvua za mwaka jana alikuwa na mzaha mmoja tu.

"Binti, ukuta wako leo umeniamkia."

"Uitikie marahaba, mama."

Tunacheka, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Siku moja akaongeza kwamba siku hizi unainama sana, una adabu kuliko mwenyewe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini alipoingia ndani nikaenda kuutazama. Ufa ulikuwa unaingia vidole vyangu vyote.

Unajua nilifanya nini, msomaji wangu?

Nilipanda maua yatambae, yaufunike. Yalipochanua nikaupiga picha, nanyi mkanipongeza. Na kila asubuhi nikawa naulowesha msingi kwa mkono wangu mwenyewe.

Watu wa mtaani walimtoa mama jirani chini ya kifusi akiwa hai. Mguu wa kushoto umevunjika. Angekuwa amesogea kidogo tu kufuata kamba ya nguo, leo ningekuwa naandika mengine.

Mchana nikaenda hospitali na kaka yangu, aliyejipa uwakili wa ukoo bila kuombwa. Njia nzima alinifundisha. Ukuta ni wako, hilo halifichiki. Ila mwenye ukuta hubanwa zaidi kama alijua ni hatari akanyamaza. Kwa hiyo hukujua. Hukuambiwa. Nikaitikia kwa kichwa. Mtu mwenye hofu hukubali chochote.

Wodini tukamkuta afisa wa ujenzi kwenye kiti cha plastiki, viatu vyake bado vina vumbi la ukuta wangu. Akauliza swali lile lile nililokuwa naliogopa: je, kuna mtu aliyewahi kumtahadharisha mwenye ukuta?

Kaka akanikanyaga mguu. Nikafungua mdomo.

Mama jirani akanitangulia.

"Sikumwambia kitu. Mtoto hakujua."

Jamani...

Nimekuja na uongo wangu mdomoni, nakuta mwenye mguu uliovunjika ameshanisemea!

Kaka akashusha pumzi. Afisa akafunika kalamu yake. Ningeweza kuondoka pale nikiwa mtu mwema, na maua yangu, na pongezi zenu. Lakini aibu ilinizidi mpaka maneno yakatoka yenyewe.

"Aliniambia. Kila asubuhi. Na ufa niliuona, nikaupandia maua."

Kaka akatazama dari kama aliyeona mjusi. Afisa akafungua kalamu tena, akasema kwa upole kwamba basi nitawajibika kwa mguu huo na kwa ukuta mpya. Nikasema sawa. Ni haki ya mama jirani.

Ndugu zangu, nyumba ikishakuwa yako, hata kinachoanguka kwa mwenzio ni chako. Jirani akirudia mzaha ule ule, acha kucheka, nenda ukatazame.

Kaka na afisa walipotoka nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia marahaba. Alinishika mkono, akatazama pembeni kama mtu anayetafuta neno alilolificha mahali.

"Sikuwa natania, mwanangu. Nilikuwa naogopa."