Jina Kwenye Nakala ya Tatu

Karatasi ya juu haikuwa na kasoro. Ilikuwa na kichwa cha makala, chini yake jina la Athanasi, na chini ya jina anwani ya kituo, vilevile kama Mektilda alivyoamriwa. Kasoro ilikuwa nyuma ya kaboni. Kwenye nakala ya pili, chini ya jina la Athanasi, palikuwa na kivuli cha jina jingine. Na kwenye nakala ya tatu, ambayo siku zote hutoka hafifu mpaka mtu aipeleke dirishani ndipo aisome, jina hilo lilikuwa jeusi tii, limegandamizwa mpaka karatasi imetoboka kwenye herufi mbili: LUHAGA.

Mektilda alikuwa mpiga chapa wa kituo kile kidogo cha majaribio ya pamba, nje kidogo ya mji wa Bariadi, kwa miaka kumi na minne. Zamani alipiga barua za kupandisha watu vyeo. Tangu pamba iachiwe wafanyabiashara binafsi, na serikali ianze kujitoa hapa na pale, akawa anapiga zaidi barua za kuwaaga watu. Hakuwa mtu wa kukosea jina. Na jina hili hakulipiga, kwa sababu mwenye jina hilo alikuwa na miezi mitano kaburini.

"Bwana Athanasi," aliita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo uone kitu."

Athanasi alikuja na kalamu sikioni. Alitazama nakala ya pili, akatazama ya tatu.

"Umepiga kwa mazoea," alisema.

"Mazoea gani, Bwana Athanasi? Hili jina sijalipiga hata siku moja. Luhaga alikuwa kibarua. Vibarua hatuwapigi chapa hapa."

Hapo alisema kweli tupu. Luhaga wa Migato alikuwa mtu wa darasa la saba, mrefu, mkimya, na kwa misimu minane alipita kila asubuhi katikati ya mistari ya pamba akihesabu funza kwenye vitumba na kuandika kwenye daftari la shule. Ni yeye aliyegundua kwamba mkulima akihesabu kwanza, anaweza kupiga dawa mara tatu tu badala ya sita. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya makala. Athanasi, bwana shamba mwenye stashahada, aliongeza majedwali na maneno mazuri.

Na huyo aliyegundua kwamba dawa inaweza kupungua, dawa ndiyo iliyomuua. Bomba la kunyunyizia dawa alilobeba mgongoni lilikuwa linavuja. Alilisemea mara tatu, na mara tatu Athanasi alimjibu kwamba vipuri havipo, amalizie mistari iliyobaki. Siku moja ya Machi dawa ilimlowesha mgongo mzima. Alipofikishwa hospitali mate yalikuwa yanamtoka, machozi yanamtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje za uwele. Alimshika Athanasi mkono. "Kwenye ile karatasi," alisema, "jina langu utaliweka?" Athanasi akamwambia atalitia. Aliahidi mbele ya muuguzi.

Kisha ikaja orodha ya kupunguza wafanyakazi. Mkuu wa kituo alimwita faragha akamweleza wazi: kati ya mabwana shamba wanne atabaki mmoja, na atakayebaki ni yule mwenye makala yake mwenyewe kwenye mkutano wa wataalamu wa kilimo kule Morogoro. Yake mwenyewe, si ya kuchangia na kibarua. Athanasi alikuwa na mke, mama mzee, na mtoto wa wiki tatu. Makala ilitakiwa iwe Morogoro kabla ya mwisho wa mwezi, nakala tatu. Aliwaza siku mbili, kisha akaandika jina moja. Wapo watakaosema wao wasingefanya hivyo, na pengine hawajawahi kuonyeshwa orodha.

"Piga tena ukurasa wa kwanza," alimwambia Mektilda. "Mimi nasimama hapa."

Mektilda akapachika karatasi mpya na kaboni mpya. Akapiga taratibu, kila herufi ikionekana. Walipozitenganisha, juu palikuwa pasafi. Chini, kwenye nakala ya tatu, jina lilikuwa palepale, na sasa lilitoa harufu. Wote wawili waliijua harufu hiyo kali ya dawa ya pamba, ile inayokaa kooni hata ukinywa maziwa.

Mektilda akainuka, akajifunga kanga, akachukua kikapu chake.

"Mimi ni mtu wa kanisani," alinong'ona. "Lakini hili ni jini, na linajua kusoma. Nitakuja Jumatatu, ukiwa umemalizana nalo."

Athanasi akabaki peke yake. Ilikuwa saa saba mchana, wenzake wote wamekwenda kula, jua limesimama juu ya bati na shamba la majaribio nje ya dirisha limetulia bila mtu. Akapata wazo. Jini lilikuwa kwenye kaboni, basi hatatumia kaboni. Atapiga ukurasa wa kwanza mara tatu, kila mmoja karatasi ya juu.

Alipiga kwa vidole viwili. Ukurasa wa kwanza ukatoka safi. Wa pili ukatoka safi. Alipoanza wa tatu akasikia kitu huko mwisho wa korido, kitu kidogo cha chuma kikipanda na kushuka, kwicha, kwicha, kisha shiii ndefu, na mwanzoni alijiambia ni mlango wa stoo, lakini mlango hauna pumzi, na kitu kile kilikuwa kinapumua, kwicha, kwicha, shiii, kikija hatua kwa hatua kama mtu anayepita kwenye mstari wa pamba bila kuruka mche hata mmoja, na nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na maji yanayotikisika ndani ya kitu cha plastiki, na matone, tone, tone, kwenye sakafu ya saruji, na harufu ikawa nzito mpaka macho yakamwasha na herufi za taipureta zikawa mbili mbili, naye hakuacha kupiga, kwa sababu alijua akigeuka ataona mgongo uliolowa. Sauti ikasimama mlangoni. Akapiga nukta ya mwisho. Alipogeuka hapakuwa na mtu, ila kizingiti kilikuwa kimelowa.

Nyumbani alimkuta mtoto analia. Alikuwa analia tangu Jumatatu, siku makala ilipoingia kwenye mashine. Alianza kila siku saa saba, akalia mpaka sauti ikakauka, halafu akaendelea kulia bila sauti, mdomo wazi. Maziwa hataki. Zahanati walimpima wakasema hana homa.

Mama yake Athanasi, Bi Kija, alikuwa amekuja kutoka Ngulyati kwa ajili hiyo. Alimwona mjukuu mara moja tu akasema analilia jina. Huo ni utaratibu wa kwao: mtoto asiyenyamaza kuna marehemu anayetaka kuitwa kupitia kwake, basi wazee huwataja waliokufa mmoja mmoja, na mtoto akisikia wa kwake hunyamaza. Aliye hai hatajwi. Kumtaja aliye hai ni kumchulia kifo.

"Nimewamaliza wa upande wa baba yako," Bi Kija alisema. "Nimewamaliza wa kwangu. Nimemtaja Mboje, nimemtaja Mhoja, nimewataja hata waliokufa njaa ya zamani. Mtoto hamtaki hata mmoja."

Elina, mkewe, alikuwa ameketi kitandani amemkumbatia mtoto. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Baba Toto, njoo umnuse," alisema kwa kunong'ona. "Njoo umnuse kichwani. Nimemwogesha mara mbili."

Athanasi akainama. Utosi wa mwanawe ulinuka dawa ya pamba. Akapiga magoti pale chini, na kabla hajafikiri lolote alikuwa ameshapeleka mdomo kwenye sikio la mtoto.

"Luhaga," alisema.

Mtoto akanyamaza. Akavuta pumzi moja ndefu, akafumba macho, akalala. Elina akaangua kilio.

Bi Kija hakulia. Alimvuta mwanawe mpaka uani.

"Luhaga ni wa ukoo gani?"

"Si wa ukoo, mayu, mama yangu. Ni kibarua wa kazini. Ni jini tu limeshika jina lake."

"Jini ningelikufukuzia. Huyu ni mtu. Umemnyima nini?"

Athanasi akamweleza nusu. Ya bomba hakuyasema. Mama yake alisikiliza akichezea ushanga wa rozari yake, kisha akasema polepole, "Ng'wana wane, mwanangu, kama amekuja kudai jina lake liandikwe kwenye karatasi, mwandikie kwenye karatasi. Usimpe kingine badala yake."

Akaitikia. Lakini moyoni, aibu ilipompungua na hofu ilipompungua, alianza kupiga hesabu za mtu mwerevu. Luhaga alitaka jina. Jina ameshalipata, tena kwa mtoto wa kiume, mzaliwa wa kwanza. Kibarua gani amewahi kuheshimiwa hivyo? Jumatatu akatia zile karatasi tatu safi kwenye bahasha, akazikagua mara ya mwisho, Athanasi, Athanasi, Athanasi, akazipeleka posta.

Na mambo yakawa mazuri. Mtoto, ambaye sasa aliitwa Luhaga, alinyonya na kunenepa. Harufu ikaisha. Barua ikaja kwamba makala imekubaliwa, mkuu wa kituo akamshika mkono mbele ya watu, na mabwana shamba watatu wakafunga virago. Mwezi wa kumi na mbili Athanasi akapanda gari kwenda Morogoro akiwa na suti ya kuazima.

Mezani pa mapokezi dada mmoja alipitisha kidole kwenye orodha, juu mpaka chini, mara mbili.

"Hakuna Athanasi hapa, kaka. Kutoka Bariadi ninaye Luhaga tu."

"Makala ni yangu! Niliituma mwenyewe!"

Dada akafungua faili akamwekea mbele zile karatasi tatu. Zilikuwa zilezile, zenye makosa ya vidole vyake viwili, kwenye kila moja neno la pili la kichwa limepinda kidogo. Chini ya kichwa palikuwa na jina moja, limegandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Lake halikuwepo. Hata alama ya kufutwa haikuwepo.

"Basi wewe ndiye Luhaga?" dada aliuliza kwa upole, akimnyooshea beji.

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusimama mbele ya watu wale akasema Luhaga ni nani, alihesabu nini, na alikufaje. Lakini aliwaza orodha, akawaza kazi yake, na mkono wake ukapokea beji.

"Ndiyo," alisema.

Alipoitwa mbele kwa jina hilo, watu wakapiga makofi. Akashika kipaza sauti, akafungua karatasi, na hapo akahisi ubaridi unaanzia begani, unashuka katikati ya mgongo chini ya suti ya kuazima, unafika kiunoni, na harufu ikapanda ikamkaa kooni, na alipotaka kusema neno la kwanza mate yakamjaa mdomoni kuliko anavyoweza kumeza, yakamwagika kidevuni, macho yakabubujika, ukumbi ukaanza kusinyaa ukawa mdogo, mdogo, kama anautazama kupitia tundu la sindano, na kwenye kiti cha mbele kabisa, ndani ya lile tundu, alimwona mtu mrefu, mkimya, nguo zake kavu, ameweka daftari la shule magotini, anamsikiliza. Mtu huyo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akafunga daftari, akatoka.

Safari ya kurudi hakuikumbuka vizuri. Alikumbuka basi, na kwamba hakuna aliyemdai nauli, na kwamba abiria walisimama kwa msongamano njia nzima na kiti cha pembeni yake hakikukaliwa na mtu. Mkoba mgongoni ulikuwa mzito kuliko alivyoufunga.

Alifika kwake mchana, saa saba. Uani palijaa watu. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume kwenye magogo, na Mektilda alikuwa analia kwa kwikwi ameegemea ukuta. Athanasi akajua ni msiba. Mtoto! Akapita katikati yao akiwasalimu, "Mwadila, mwadila," hakuna aliyemwitikia, na hata hakujali, ila alipokaribia mlango akamsikia mtoto analia ndani kwa nguvu zake zote. Yu hai! Mwanawe yu hai! Akaishika miimo ya mlango kwa furaha.

"Gari linaloleta mwili kutoka Morogoro limeshapita Shinyanga," mwanamume mmoja alisema nyuma yake.

Ndani, Bi Kija alikuwa amempakata mtoto.

"Luhaga," alimwita. Mtoto akazidi kulia. "Luhaga. Haitiki tena. Huyo ameshapata chake, ameondoka."

"Mayu, usilitaje jingine," Elina alisema, sauti imekwisha. "Nakuomba, mayu, usilitaje."

Bi Kija akafunga macho. Machozi yakamshuka mashavuni. Akainamia sikio la mjukuu wake.

"Athanasi," alisema.

Mtoto akanyamaza.

Kisha Elina akainua uso, akanusa hewa.

"Mayu, harufu imerudi. Iko mlangoni."

Athanasi alitaka kumkimbilia. Mgongoni mkoba ulitikisika kama bomba lenye maji, na tone likaanguka kwenye kizingiti, na jingine. Bi Kija akageuka kutazama mlango. Hakumwona, lakini aliongea naye kama mama anavyoongea na mwanawe.

"Tumekusikia," alisema. "Ni nani wewe? Sema jina lako, tukupe unachotaka."

Athanasi akafungua kinywa alitaje. Ikatoka shiii tu, ndefu, kwa sababu jina lake lilikuwa limeshapewa mtoto.