Bloku Mbili za Rangi Moja

Asubuhi hiyo Gabrieli alikunywa uji akiwa amekunja uso. Mke wake, Yuliana, alikuwa amekwisha kumtaja kaka yake Kasiani, na uji ulikuwa bado wa moto.

"Kaka alikuja jana. Amesema Cecilia aanze mafundisho ya komunio."

"Amesema yeye. Na mimi nimesema nini?"

"Wewe hukuwepo, baba Cecilia."

Kwa Waluguru mambo ndivyo yalivyo. Watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Migomba na mboga vilikuwa vya ukoo wa Yuliana. Hata nyumba ilisimama kwenye ardhi yao. Gabrieli aliyajua hayo tangu alipooa, lakini yalimchoma. Kitu kimoja tu alikiona chake: motokaa ya mizigo, aliyopelekea katani ya Mdachi, Mjerumani aliyemwajiri, mpaka stesheni ya Morogoro. Siku hizo, waliojua kuendesha motokaa walikuwa wa kuhesabu.

Sasa motokaa ilikuwa imekufa. Maji yaliisha njiani, injini ikachemka. Gabrieli akaimwagia maji baridi ya mto, na bloku ikapasuka. Bloku ni lile pande kubwa la chuma lenye matundu ambamo pistoni hupanda na kushuka. Mdachi mwenye shamba alimwonyesha bloku mbili kuukuu bandani.

"Chagua moja, uifunge. Jumamosi motokaa isipotembea, utabeba katani kichwani pamoja na wapagazi."

Gabrieli alizitazama. Zote za kijani, zote za kampuni moja. Akachukua ile yenye kibati cha namba sawa na kibati cha bloku iliyopasuka. Alipotumbukiza pistoni, ililegea, ikacheza kama mchi ndani ya kinu.

Yuliana alipoleta chakula, aliuona uso wa mumewe.

"Kaka ndiye anayetengeneza injini ya misheni. Nimwite?"

"Usimwite. Watoto wake, shamba lake, nyumba yake. Niachieni hata chuma hiki."

"Afadhali ukabebe katani?"

"Afadhali."

Mtu mwenye wivu husema mengi. Yuliana alikusanya vyombo. Alifunga mtoto mgongoni, akapanda mlima mpaka misheni.

Alasiri Kasiani aliingia bandani na mfuko wake wa spana. Gabrieli akazidi kuinamia bloku.

"Tumsifu Yesu Kristo, shemeji."

"Milele na milele," alijibu Gabrieli, bila kuinuka.

Kasiani alichuchumaa kando ya bloku. "Umeichagua kwa kutazama nini?"

"Rangi. Na kibati."

"Rangi hupakwa, shemeji. Kibati hung'olewa hapa kikapigiliwa pale. Kampuni hutoa injini, halafu huibadili kidogo ndani. Kwa nje huoni kitu. Lete mafuta ya taa na kitambaa."

Walisugua ubavu wa bloku. Chini ya masizi zilitokea namba zilizovimba kwenye chuma.

"Hizi zilitoka pamoja na chuma kilipomiminwa," alisema Kasiani. "Hazibanduki. Zilinganishe na za bloku iliyopasuka."

Hazikulingana. Wakasugua bloku ya pili. Za hiyo zililingana zote.

"Basi nifunge," alisema Gabrieli.

"Bado. Huenda kuna fundi aliyekwisha kupanua matundu yake. Kata kijiti kienee sawasawa katika tundu la bloku yako ya zamani, kisha ukipime huku."

Gabrieli alikata kijiti, akapima tundu moja moja. Kilienea yote, hakikulegea.

"Sasa weka juu yake gasketi, ile bati nyembamba ya kuzibia. Matundu yote ya bolti na ya maji yaonekane."

Yalionekana yote. Lakini walipoiweka gasketi juu ya bloku ya kwanza, ilifunika njia moja ya maji.

"Ungefunga hiyo, maji yasingezunguka," alisema Kasiani. "Ingechemka na kupasuka tena."

Gabrieli alitaka kushukuru. Maneno yaliyotoka ni mengine.

"Kumbe hata hiki unakijua wewe."

Kasiani aliifuta mikono yake polepole. "Unadhani mimi sikuonei wivu? Wanao nikisema wananitii. Nikiingia wanasimama kwa adabu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikimbilia."

Gabrieli alisogea karibu yake. Alimpa spana.

"Shika upande ule, shemeji."

Jumamosi motokaa ilishusha katani stesheni, ikarudi bila kuchemka. Kasiani alikuwa uani kwa dada yake, akimuuliza Cecilia maswali ya mafundisho. Muungurumo uliposikika bondeni, Cecilia aliacha jibu katikati, akatoka mbio na wadogo zake mpaka barabarani.

Gabrieli alisimamisha motokaa. Watoto walimning'inia mikononi. Juu ya vichwa vyao alimwona Kasiani, amesimama peke yake uani.

"Cecilia," alisema, "rudi ukamalize kumjibu mjomba wako. Kisha mje naye. Atakaa hapa mbele, karibu nami."