Talakini ya Himid

Yaliyomfika mdogo wangu Himid yalianza Jumamosi moja ya mwezi wa nne, saa tano asubuhi, jua limewaka, kwenye bustani ya nyuma ya nyumba yetu hapa Kenton, huku ughaibuni. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakiahidiwa habari ya kutisha wanangoja giza. Hapakuwa na giza. Palikuwa na sufuria ya pilau, viti vya plastiki, na jirani yetu Parminder aliyechungulia juu ya ukuta mara tatu kuuliza kama kweli tulikuwa na ruhusa ya kuchimba shimo kubwa namna ile.

Shimo lilikuwa kaburi. Tulikuwa tunapiga filamu.

Mwenye filamu alikuwa Zein, kijana wa jamaa zetu wa Kingsbury, siku za kazi fundi wa lifti, wikiendi muongozaji. Filamu aliiita Maiti wa Kenton. Dereva wa teksi anauawa, na inspekta mmoja mkali, mwenye koti refu na usingizi wa mang'amung'amu, anawasaka wauaji vichochoroni mpaka naye anachafuka mikono. Inspekta aliigiza Zein mwenyewe, maana koti lilikuwa lake. Maiti akapewa Himid. Ndugu yangu hakuwa na kipaji cha kuigiza hata chembe, lakini kulala alikujua. Tangu utoto Mama akimwamsha kwa kumnyunyizia maji.

Zein alitaka kila kitu kiwe cha kweli. Alikuwa amechoka kuona filamu zinazotuzika vibaya. Kwa hiyo alimleta Maalim Faki, mzee wa Kipemba, dereva wa basi mstaafu, ambaye kwa miaka thelathini amewasomea talakini karibu watu wetu wote waliofia mjini humu. Talakini, kwa asiyeijua, ni maneno anayosomewa maiti akishalazwa kaburini, kumkumbusha atakachowajibu malaika wakija kumuuliza. Anaitwa kwa jina lake na la mama yake, si la baba. Ndiyo maana kwetu jina la mama halitajwi ovyo. Mganga naye akitaka kukupata, huuliza hilohilo.

"Maalim, wewe nong'ona chochote tu," Zein alimwambia. "Sauti tutaweka baadaye, kwenye editing."

Himid akateremka shimoni, sanda mpaka shingoni, shavu la kulia juu ya udongo. Kamera ikawashwa. Maalim akachuchumaa ukingoni na kuanza, na ulimi wake ukashika njia yake ya siku zote. Hakunong'ona chochote tu. Alisoma. Alipofika penye jina akanyamaza, akainua macho, akanitazama.

Hapo ndipo nilipokosea. Miaka miwili nyuma tulimzika Baba, na Maalim aliinua macho vilevile, na mimi mtoto mkubwa ndiye niliyemtajia jina la mama yake Baba. Sasa dereva wa kwenye filamu alikuwa na jina lake la uongo, ila Zein hakukumbuka kumwandikia mama. Macho ya mzee yalikuwa yananingoja. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Himid," nikasema. "Mwana wa Sundus."

Maalim akaliita jina hilo mara tatu.

"Cut!" Zein alipiga makofi. "Safi kabisa!"

Himid hakuinuka. Tulicheka, tukamtania kwamba na kesho tutampa kazi hiyohiyo ya kulala. Tukamwita. Nikashuka shimoni kumtikisa, na mkono wake ulikuwa wa baridi, katika jua lile. Kisha akafumbua macho.

"Nani alokuwa akiniuliza?" alisema polepole.

"Akikuuliza nini?"

"Sijamjibu bado."

Pilau hakuigusa, na Himid hajapata kuiacha pilau maishani mwake.

Vijambo vikaanza, vidogo, vya kuchekwa. Milango ya dukani ile inayofunguka yenyewe haikumfungukia. Alisimama mbele yake mpaka aje mteja mwingine. Simu yake ikakataa kuutambua uso wake. Basi likampita kituoni amenyoosha mkono. Sisi tukacheka. Mama hakucheka. Kila asubuhi Mama ndiye aliyebadilisha foronya ya Himid, kwa sababu kila asubuhi ilikuwa na udongo, upande wa shavu la kulia.

Mwezi wa sita filamu ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza, mchana wa Jumapili, kwenye ukumbi wa kukodi Southall. Walikuja watu karibu mia mbili. Kwa saa nzima walimcheka inspekta pale alipotaka kutisha, na koti lake likapata jina la utani. Halafu ikafika scene ya maziko. Ukumbi ukatulia. Maalim aliita jina kwenye skrini, na midomo ya Himid ikacheza.

Watu wakasimama kupiga makofi. Zein, kando yangu, hakusimama.

"Mie sikuipiga hiyo," alininong'oneza. "Wallahi Munir, sikuipiga."

Nje, mama mmoja wa Kingsbury akamshika Mama mkono. "Poleni, Bi Sundus. Mungu akupeni subira." Himid alikuwa amesimama palepale, amembebea Mama mkoba. Yule mama hakumsalimu.

Nyumbani, peke yake, Zein aliirudia scene ile mara ishirini. Midomo haikucheza. Ilicheza mbele za watu tu. Tulipoionyesha tena Kingsbury tukitaka kuhakikisha, na huo ni ujinga wangu mwingine, Himid wa kwenye skrini alijibu. Tulimsikia ukumbi mzima. Swali la kwanza alilijibu sawasawa, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Siku hiyo Himid wetu alishindwa kupanda ngazi za nyumbani. Daktari akampima damu, akasema haoni kitu, apumzike.

Zein akaiondoa filamu. Alikuwa amechelewa. Mtu alikwisha kuirekodi scene ile kwa simu. Kufika Ijumaa ilikuwa kwenye kila grupu. Watu wakaandika sifa zao chini yake: maiti huyu apewe tuzo, nimesisimka mwili, nimeitazama mara kumi, mpelekee na mwenzio. Walikuwa wanamsomea mdogo wangu talakini bila kujua, wakingoja treni, wakila chipsi. Na kila sifa zilipoongezeka Himid alizidi kupungua. Nilizichukia sifa zile kuliko nilivyowahi kuchukia tusi.

Nikaenda kwa Maalim Faki.

"Mlinambia ni mchezo," alisema. "Nikajua jina la mchezo vilevile. Nani alonitajia?"

"Ni mimi."

Hakunigombeza, na bora angenigombeza.

"Keshaitwa, Munir. Maswali ni matatu. Akimaliza kujibu, basi."

"Hakuna njia?"

"Mwito hurudi ukiitikiwa. Akiitika mwengine aliyemo ndani ya jina, unamwacha yeye."

"Mwengine nani?"

"Jina lina watu wawili tu," akasema.

Nikatoka bila kuaga. Nilijiapiza kwamba Mama hatalisikia neno hilo kinywani mwangu. Kwa vyovyote ningempoteza mmoja wao, na kusema kweli sikujua nimchague nani, kwa hiyo nilinyamaza. Nilijiita mwenye busara. Nilikuwa mwoga.

Jumanne Himid alijibu la pili. Alilijibu kitandani, macho wazi, wakati simu zote zilikuwa zimezimwa. Binti yake mdogo alikuwa mlangoni. "Who's Daddy talking to?" akauliza. Himid aliendelea kutazama dari, shavu lake limejaa udongo.

Jumatano Mama alitoka mwenyewe, kanga juu ya koti, akapanda basi 183. Alisema anakwenda kununua mihogo. Alirudi bila mihogo.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, aliniita jikoni. Alikuwa amevaa nguo safi. Simu yake ilikuwa mezani.

"Munir, Maalim kaniambia yote."

"Mama..."

"Yote, mwanangu. Na mie nishakusamehe. Sasa nenda kaninunulie maziwa."

Nilikwenda. Mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, nikatumwa maziwa nikaenda. Nilikuwa nusu njia nilipokumbuka kuwa frijini mlikuwa na chupa mbili.

Nilikimbia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nyumba kimya. Sauti moja tu, ndogo, kutoka jikoni. Sauti ya Maalim. Inaita. Inamaliza. Inaanza tena.

Mama alikuwa kitini. Simu mkononi. Kichwa ameegemeza ukutani, amelalia shavu la kulia.

Juu, ngazi zikalia. Himid alikuwa akishuka kwa miguu yake.

"Nani kaniamsha?" aliuliza. "Nina njaa."

Wanawake waliomwosha Mama walisema kwamba alikuwa na udongo shavuni. Waliosha kwa sabuni, wakaosha kwa maji ya karafuu, ukabaki. Makaburini, Maalim Faki alichuchumaa ukingoni, akafika penye jina, akainua macho. Nilikuwa tayari na jina la bibi yetu. Maalim akatikisa kichwa.

"Keshaitika huyu," alisema, akainuka.

Himid ni mzima leo. Milango inamfungukia, mabasi yanasimama, pilau anaimaliza. Tulimwambia kwamba Mama alikufa kwa moyo, na si uongo. Zein hakuirudisha filamu, lakini kile kipande bado kinatembea kwenye simu za watu, na kimebadilika. Midomo ya Himid haichezi tena. Maalim akishaliita jina, kabla picha haijakatika, sauti ya mwanamke inaitika kutoka nyuma ya kamera: "Labeka." Siku ile nyuma ya kamera tulikuwa wanaume peke yetu.

Watu wanaisifu kuliko walivyomsifu maiti. Wanataka kujua ni nani mwigizaji huyo, mbona haonekani, apewe filamu yake mwenyewe. Zein ameniuliza mara mbili kama ninaijua sauti ile. Naijua. Ndiyo iliyokuwa ikimwitikia Baba kutoka jikoni miaka yote ya utoto wetu, mikono imejaa unga.

Nimemwambia siijui. Na hilo Sundus mlilolisoma humu silo jina lake. Nimeshajifunza.