Namba ya Konokono

Kila alasiri alipotoka shule, Chiriku alipitia kwanza gereji ya shangazi yake. Alitundika mkoba kwenye msumari, akavaa koti la kazi lililomfika magotini, kisha akaanza maswali. Jina hilo alilipata hapo hapo gereji, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alipenda kujigamba kwamba hakuna mlio wa injini uliowahi kumtisha.

Wakati huo palikuwa na kazi kubwa. Dereva wa mashindano, kijana mrefu aliyeitwa Ngongoti, alikuwa ameleta gari lake lifungwe supachaja kabla ya mbio za kupanda mlima. Supachaja ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini na kusukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, mafuta mengi zaidi huungua, na nguvu huongezeka.

Shangazi alikuwa nazo tatu mezani, na kila moja alikuwa ameipa jina. Pacha ilikuwa na vyuma viwili vilivyozunguka pamoja vikisomba hewa kama makoleo. Skrubu ilikuwa na parafujo mbili nene zilizoumana, zikiibana hewa humo humo njiani. Konokono ilikuwa na gamba la mviringo, na ndani yake feni ndogo iliyokwenda kasi ya ajabu.

"Mimi namtaka Konokono," alisema Ngongoti. "Mwepesi, halafu mzuri."

"Hapa hatuchumbii, kaka," Shangazi akamjibu. "Hapa tunapima."

Utaratibu wa gereji ulikuwa mmoja. Aliyekanyaga mafuta alitazama mizunguko ya injini tu. Aliyesoma presha alisimama nyuma ya wavu wa chuma, mbele ya kipimo kilichotundikwa ukutani, akaandika alichokiona kwa macho yake. Shangazi aliketi garini. Daftari alilishika Chiriku.

Jumatatu walimpima Pacha. Injini ilipofika mizunguko elfu mbili, mshale wa kipimo ulionyesha presha ya sita. Elfu nne, saba. Elfu sita, saba ile ile. Jumanne ikawa zamu ya Skrubu: saba, nane, nane. Chiriku aliandika kwa mwandiko wake mzuri.

Jumatano akafungwa Konokono. Elfu mbili, mshale ukagusa moja tu. Elfu nne, nne. Kisha Shangazi akakanyaga hadi elfu sita, na Konokono akatoa mluzi mkali ambao Chiriku hakuwa amewahi kuusikia. Wavu ulitetemeka. Meno yake yalitetemeka. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amechutama, vidole masikioni, macho ameyafumba.

Alipoyafumbua, injini ilikuwa imeshatulia.

"Haya, ngapi?" Shangazi aliuliza.

Chiriku alitazama karatasi. Pacha na Skrubu hawakupanda tena baada ya elfu nne. Huyu naye, akawaza, atapanda kidogo tu.

"Tano."

"Tano? Una hakika?"

"Ndiyo, Shangazi. Nimeiona mwenyewe."

Shangazi alikunja uso. "Ajabu. Basi puli yake, hilo gurudumu la mkanda, ni kubwa mno, anazunguka kivivu. Kesho tutamfunga puli ndogo imwamshe. Hiyo tano itafika tisa."

Chiriku alitaka kusema ukweli, lakini akalifunga daftari. Angesemaje kwamba yeye, asiyeogopa kitu, alijikunyata kama kifaranga?

Kesho yake, puli ndogo ikiwa imeshafungwa, Ngongoti aliomba kukanyaga mwenyewe, akajikunja akaingia nyuma ya usukani. Boneti lilikuwa limeondolewa ili injini ionekane. Shangazi na Chiriku walisimama nyuma ya wavu. Elfu mbili, mshale ukafika mbili. Elfu nne, saba. Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampa Ngongoti ishara ya kuendelea.

Mshale haukupanda. Uliruka. Kumi. Kumi na tatu. Kumi na saba.

"Achia!" Shangazi alipiga ukelele. "Achia mguu!"

Mlipuko ulizima kila sauti nyingine. Bomba la mpira lilichomoka, klipu yake ya chuma ikaruka kama jiwe la manati na kupiga kioo cha mbele. Kioo kikajaa nyufa, usawa wa uso wa Ngongoti. Moshi mweupe ukatanda gereji nzima.

Ngongoti alikaa vile vile, mikono kwenye usukani, macho kwenye kioo. Shangazi alikimbia akamvuta nje, akampapasa paji la uso, mashavu, shingo.

"Mzima," Ngongoti alinong'ona. "Mzima, dada. Nadhani." Kisha akaketi sakafuni.

Shangazi alirudi wavuni. Alilishika daftari, akaliweka mbele ya Chiriku.

"Tano hii nani aliiona?"

Chiriku aliikodolea macho ile tano.

"Hakuna. Sikuiona. Nilifumba macho, niliogopa. Nikaandika namba ya kufikiria."

Alingoja kofi. Halikuja, na hilo lilimtisha zaidi. Shangazi aliegemea ukuta.

"Mtoto wewe," Ngongoti alisema kutoka sakafuni, "kama si hicho kioo, leo ningekuwa na klipu badala ya pua." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Ilichukua siku tatu kubadilisha gasketi ya injini iliyoungua, bomba na kioo. Chiriku alisugua vyuma na hakuuliza swali hata moja. Walipomrudishia Konokono puli yake kubwa, Shangazi aliuliza nani atasoma kipimo.

"Chiriku," alisema Ngongoti. "Nani mwingine ana sababu ya kukodoa macho kama yeye?"

Chiriku akasimama mbele ya kipimo. Elfu mbili, moja. Elfu nne, nne. Mluzi ukaja. Injini ikatulia.

"Ngapi?"

"Shangazi, sikuiona vizuri. Nilishtuka. Naomba mrudie."

Wakarudia. Safari hii alikodoa hadi machozi yakamtoka.

"Kumi! Mara mbili ya tano ile."

Shangazi alilaza daftari juu ya meza, wakaliinamia wote watatu. Sasa ilionekana wazi: Pacha na Skrubu husukuma tangu mizunguko ya chini, lakini Konokono hulala chini na kuruka juu.

"Mlima wako una kona nyingi, kaka," Shangazi alisema. "Kila kona utapunguza mwendo, na hapo ndipo Konokono husinzia. Skrubu atakuvuta."

Ngongoti alipumua. "Basi nifungie Skrubu, hata kama ana sura mbaya."

Shangazi alimgeukia Chiriku. "Mimi nami nilikosa. Namba ilinishangaza, nikaitafutia sababu badala ya kuipima upya. Lakini sikiliza, mwanangu. Kuogopa si kosa. Ungesema siku ile ulivyosema leo, tungerudia kwa dakika tano na tungeshaenda zetu kula. Nafasi tupu kwenye daftari haijawahi kumpasulia mtu kioo. Usipoona, sema hukuona. Mtu anayekanyaga mafuta anaweka uso wake mbele ya neno lako."