Waya wa Kijani Usiofika Chini

Jamani, nisikilizeni habari ya Mama Dobi, na mkiona napandisha sauti msiniambie nitulie. Nimetulia miaka mingi, na kutulia kwangu hakujamponya mtu.

Asubuhi ile ilikuwa ya raha. Chumba cha kufulia kilinukia sabuni, mashuka ya nyumba ya wageni yamerundikwa kikapuni, na mashine mpya inanguruma pembeni kama paka aliyeshiba. Ukutani kilining'inia cheti cha bintiye: fundi umeme, daraja la kwanza. Mama Dobi alikifuta vumbi kila siku kabla hata hajanawa uso, na kila mteja aliambiwa, atake asitake: "Unaziona soketi hizo? Kafunga mwanangu, peke yake!"

Mashine ikasimama. Mama Dobi, miguu peku kwenye sakafu yenye maji, akashika mlango wake kutoa nguo.

Hakupiga kelele. Umeme ukikushika haukupi nafasi hiyo. Binti aliyekuwa akikunja mashuka alimwona mama yake anatetemeka, mkono umeng'ang'ania chuma, akadhani ni mzaha, maana mama huyo kwa mizaha hajambo. Alipotambua, akairukia swichi kubwa akaikata. Mama akaanguka kama gunia.

Hospitali walimrudisha na roho yake. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki huko. Sasa niambieni ninyi, dobi asiyeweza kukamua shuka ni dobi wa nini?

Majirani wakamwita Koleo, fundi wa mtaani. Huyu shule aliiacha mapema. Umeme aliufundishwa na mjomba wake kwa kumbebea ngazi miaka minne. Alifungua sanduku la umeme, akatazama, akatikisa kichwa.

"Kafunga nani hapa?"

"Mimi, kaka Koleo."

"Una mkono msafi, dada. Waya zimelala kama nywele zilizochanwa. Sasa huu wa kijani, fimbo yake umeipigilia wapi?"

"Fimbo gani?"

Koleo alicheka, akidhani anataniwa. Alipomtazama usoni, kicheko kikamkauka.

"Fimbo ya shaba, dada, inayozama udongoni hapo nje. Mashine ikiharibika ndani, umeme unashukia huko na swichi inakata. Fimbo isipokuwapo, unasubiri mtu aguse."

"Chuoni waya huo ulikuwa unaishia kwenye skurubu," binti alisema.

Mama Dobi alikuwa kitandani, mkono umefungwa bandeji, anasikia yote kupitia mlango. Alizikumbuka zile wiki nane ambazo chuo kilimpeleka binti kufanya mazoezi kwenye kampuni ya umeme. Kila jioni alikuwa akiuliza, "Leo umejifunza nini?" na binti anajibu, "Kupika chai, mama, na kupanga mafaili." Na yeye, mama mzazi, alimjibuje? "Vumilia, mwanangu. Muhuri ndio muhimu. Mengine utajifunza mbele ya safari."

"Niletee kile kitabu cha mazoezi ya kazini, alichokujazia bosi wako," aliita. "Nisomee wiki ya tano."

"'Amechimba na kusimika fimbo ya ardhi. Vizuri sana.' Na muhuri."

"Na wiki ya tano ulikuwa unafanya nini?"

"Bosi alikuwa na wageni, mama. Nilikuwa naosha vikombe."

Kesho yake Mama Dobi aliingia chuoni, binti kulia, Koleo nyuma yake na kofia mkononi. Mwalimu wa karakana aliwapokea vizuri, akafungua daftari la majina na alama mezani.

"Ona mwenyewe, mama. Binti yako alipata tisini na mbili."

"Na mimi nimebaki na vidole vinane. Nionyeshe mlikomfundishia."

Ukutani palikuwa na ubao wa mazoezi: soketi, swichi, taa, kila kitu kimepangwa vizuri. Mama Dobi aliufuata waya wa kijani kwa kidole cha mkono wa kushoto, polepole, hadi ukafika kwenye skurubu.

"Na hapa?"

"Hapo ndipo mwisho wa zoezi. Fimbo wanajifunzia kazini."

"Kazini walimpa birika!"

"Hayo ni ya kazini, mama. Sisi ni chuo."

"Ulikwenda kumwangalia hata siku moja?"

"Kitabu kilikuja na muhuri kamili."

"Basi mchukue huyu Koleo aje awaonyeshe wanafunzi wako. Fimbo anaijua kama jina lake."

Mwalimu akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayekufungia mlango taratibu. "Huyo hana cheti. Kanuni haziruhusu."

"Kanuni zinaruhusu nife mimi?" Mama Dobi alipiga meza kwa mkono wenye bandeji, maumivu yakampanda hadi begani, asijali. "Darasa la huyu mtoto walikuwa wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Wote wako nje wanafunga umeme kwenye nyumba za watu. Nipe majina yao."

"Majina ni siri ya chuo."

Hapo Koleo akakohoa. "Samahani, mwalimu. Ile nyumba yako mpya kule mlimani, umeme alifunga nani?"

"Wanafunzi. Nilitaka wapate mazoezi."

"Ulisimama nao?"

Mwalimu alianza kujipapasa mifukoni, akaitoa simu, ikamponyoka, akaiokota.

"Mtoe mtoto bafuni," alisema kwenye simu. "Usiulize, mke wangu! Mtoe. Usiguse mashine, usiguse bomba, zima swichi kubwa!"

Akatoka mbio bila kuaga. Daftari likabaki wazi mezani. Binti alimtazama mama yake.

"Unaningoja mimi?" alifoka Mama Dobi. "Kalamu hiyo hapo. Andika."

FUNZO

Hadi naandika haya, binti na Koleo wamekagua nyumba kumi na tisa zilizofungwa umeme na wanafunzi wa chuo kile. Kumi na moja hazina fimbo, na ya mwalimu ni mojawapo.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Walikuwa wapole. Mimi nasema elimu bila amali inaua. Ninyi wenye vyuo, vikuu kwa vidogo: mafunzo ya kazini si likizo yenu, vaeni viatu mwende mkaone, na fundi wa mtaani mpeni nafasi mbele ya darasa. Ninyi wenye kampuni: mwanafunzi si mpika chai wenu, na anayepiga muhuri juu ya kazi asiyoiona ni mwongo. Na sisi wazazi: mtoto akisema leo kapika chai, tusimwambie avumilie. Twende tukagonge mlango siku hiyohiyo, tungali na vidole kumi vya kugongea.